Nani Kaziba Geti?

Marahaba, wanangu. Najua mkizishika karatasi hizi mtaanza na shikamoo, kwa hiyo naijibu kabisa tuendelee. Mmeniomba niwaandikie nilivyokuwa nikifanya kazi ya maegesho, maana sasa nyinyi ndio mmeshika kile kiwanja chetu cha Dunda, na mnasema madereva wamewashinda. Mnadhani mie nina dawa yao. Sina! Nimesimama pale getini miaka ishirini na moja, nimepiga kelele mpaka sauti imekwaruza, na nimestaafu sijawaelewa hata robo.

Na mlijue hili mapema, msije mkalisikia kwa watu mkanicheka: mimi Bi Tatu, mnayeniita Mama Rivasi, sijui kuendesha gari. Hata kuliwasha siwezi. Magari niliyoyarudisha nyuma kwa mkono na mdomo hayahesabiki, lakini usukani nimeushika siku moja tu, na siku hiyo nitawaeleza, maana ndiyo inayonikosesha raha mpaka leo.

Kiwanja mnakijua. Kuta tatu, geti moja, na geti lenyewe linatokea kwenye ule mtaa mwembamba wa kwenda msikitini. Kwa haki yake kinaingiza magari kumi na manane, lakini siku za soko tulikuwa tunaingiza thelathini. Tuliwezaje? Mzee Mfaume, Mungu amrehemu, aliyekuwa mlinzi pale kabla yangu, ndiye aliyenifundisha. Dereva akiingia unamwambia: nyoosha matairi, acha gia huru, usivute breki ya mkono. Halafu wewe unatia kabari, kile kipande cha mti, chini ya tairi. Gari la ndani likitaka kutoka, unatoa kabari, unasukuma la nje, unalipitisha la ndani, unarudisha. Mwenye gari yuko sokoni anapatana bei ya papa, hana habari kwamba gari lake limetembea kiwanja kizima. Na msisukume kwa mikono, mtaumia mabega. Geukeni, egemeeni kwa mgongo, kanyageni chini taratibu. Mimi na mwili wangu huu nilikuwa nasukuma peke yangu, na watalii wa kutazama magofu wakipita wananipiga picha.

Wiki yangu ya pili nilisahau kabari. Gari likaanza kwenda lenyewe, polepole, kwa heshima kabisa, likatoka getini, likavuka mtaa, likaegemea mkokoteni wa muuza madafu. Madafu yakamwagika mtaa mzima. Muuza madafu akaja mbio dirishani amtukane dereva, akachungulia, akakuta hamna mtu. Wallahi alirudi kinyumenyume, kofia mkononi, anasoma Ayatul Kursi ya kufukuza majini. Mzee Mfaume hakunigombeza. Alichonga kipande kingine cha mti, akakitoboa, akakitia kamba, akanivisha shingoni. Nilikivaa mwezi mzima mbele za watu, na kabari sikuisahau tena.

Jingine alilonifundisha ni kutomwangalia dereva usoni. Angalia tairi. Dereva atakuambia anakwenda kushoto, kioo kimeshushwa, anatabasamu, na tairi lake limekwishageuka kulia linakuja kwenye vidole vyako. Vidole vyangu viwili vya mguu wa kushoto havina kucha. Aliyevikanyaga alishuka kwenye gari, akaniuliza kwa nini nimesimama pale. Kwa nini mlinzi wa maegesho amesimama kwenye maegesho!

Maana hapo ndipo akili yangu ilipokuwa ikichoka, jamani. Si kwamba madereva wabaya. Wangekuwa wabaya ningewaelewa. Kuna bwana mmoja, simtaji, mtu wa swala tano. Ukikutana naye kwa miguu atakusalimu wewe, atawauliza watoto wako, atauliza na kuku. Akiingia kwenye gari anapandisha kioo, hakujui. Siku moja nilikuwa namvusha bibi kizee getini, nimemshika mkono, yule bwana akatupigia honi mpaka bibi wa watu akadondosha kikapu. Kesho yake kwa miguu: “Bi Tatu, umeamkaje, mama? Mgongo unaendeleaje?” Nikamtazama, nikafikiri labda wako wawili, mapacha, mmoja wa kutembea na mmoja wa gari.

Na mwingine alikuwa akiegesha nyuma ya magari ya watu, kisha anaacha namba ya simu kwenye kioo cha mbele. Mtu mstaarabu, si ndiyo? Watu wakataka kutoka. Nikapiga ile namba. Simu ikaitikia ndani ya gari lake mwenyewe, juu ya kiti, inacheza na kuimba. Tulisimama watu sita tukiisikiliza. Alirudi baada ya alasiri anachokonoa meno, akaona simu ilivyopigwa, akanijia juu: “Mama, mbona mnanipigia hivi, kuna nini?” Nikaenda zangu kunywa maji.

Hawa wote niliwamudu, maana gari lilikuwa ni gia huru na mgongo wangu. Halafu yakaja magari otomatiki. Hilo ukiliacha limefungwa kwenye herufi ya P, hata mje watu kumi mnaliegemea tu, halisogei. Ikabidi nibadilike. Nikawa naomba funguo, watu wananikatalia: “Wewe mama hujui kuendesha, funguo ya nini?” Nao walikuwa na haki, sikujua. Nikabaki nawabembeleza waache gia huru, wengine wanasema sawa na kuacha P vilevile. Yaani mtu anakuitikia “sawa, mama” huku mkono wake unafanya jingine. Nyinyi mnaniuliza mimi dawa yao!

Basi, nije kwa Mzee Shomari. Huyu alikuwa fundi cherehani, ameshona kanzu za nusu ya Dunda, mpaka figo zilipomwangusha. Mara tatu kwa wiki binti yake Zainabu humpeleka Dar es Salaam kusafishwa damu kwa mashine, na zamu yake ni saa tisa alasiri. Akichelewa, zamu anapewa mgonjwa mwingine aliye kwenye foleni, nao wako wengi. Aliwahi kukosa mara moja, gari liliwaharibikia njiani maeneo ya Mapinga. Siku ya pili yake maji yalikuwa yamempanda mpaka kifuani, hawezi kulala wala kukaa, pumzi inakatika. Alipona kwa kudra za Mungu. Zainabu akaniambia, “Bi Tatu, wamesema asikose tena. Mara nyingine hatoki.”

Nyumba yao iko uchochoroni, gari halifiki, kwa hiyo lilikaa kwetu. Nikalipa nafasi ya kwanza karibu na geti, na siku za zamu, ikifika saa saba, geti lazima liwe wazi. Hakuna aliyenituma. Nililichukua mwenyewe kama amana.

Siku ninayoisema tulikuwa na msiba. Mzee Makame wa mtaa wa pili alifariki alfajiri. Mtu mzuri wallahi. Kila asubuhi alikuwa anapita na mkongojo wake, anasimama getini: “Tatu, magari yamelala salama?” Nami namjibu, “Yamelala, shikamoo.” Basi, anaendelea na safari yake. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, anaishi Lugoba, mimi simjui hata sura. Baada ya swala ya adhuhuri jeneza likatoka msikitini, likapita mtaani kwetu.

Mnajua ya kwetu. Jeneza likipita, mwanamume anaacha alilonalo, anaingia chini yake, anatia bega hatua chache apate thawabu, na wengi wanaunga moja kwa moja mpaka makaburini. Duka linafungwa kwa kuweka kiti mlangoni. Bodaboda zinaachwa zimelazwa kwenye ukuta. Sisi wanawake tunabaki, kuzika hatuendi. Kwa dakika chache mtaa mzima ukawa wa wanawake na paka.

Mimi nilikuwa ndani ya kiwanja nimemshika Mzee Shomari mkono, Zainabu anamfungulia mlango wa gari. Tukamkalisha, tukamfunga mkanda, tukamwekea mto mgongoni. Nikageuka kutazama geti. Lo! Gari jeupe, jipya, refu, limekaa katikati ya geti, pua ndani, mkia nje mtaani. Dereva hayupo. Mlango wake haukufungwa, umeachwa wazi nusu, na taa ya pembeni bado inawaka na kuzima.

Mlango ule ulionekana kwangu dharau tupu. Nikasema huyu kashuka kama anashuka kwake, hata kufunga hakujisumbua. Damu ikanipanda. Nikatoka mtaani, mikono kiunoni, nikapasua sauti: “Nani kaziba geti? Nani huyu mwanahizaya? Baba gani kamzaa mtu huyu, akashindwa kumfunza hata adabu ya mlangoni? Kuzaa kaweza, kulea kumemshinda!”

Wanawake waliokuwa barazani wakasimama. Jirani yangu mmoja akaniambia kwa sauti ya chini, “Tatu, polepole, jeneza halijafika mbali.”

Nikamjibu, “Na lisikie!”

Ndivyo nilivyosema, wanangu. Sifichi.

Nikaingia kwenye lile gari. Nikakaa kiti cha dereva, mara yangu ya kwanza, nikaushika usukani kama mtu anayeogopa kuchafua kitu. Natafuta gia huru, ile gia haiendi. Navuta, nasukuma, kiwiko kikagonga honi, nikajishtua mwenyewe. Zainabu akaja mbio: “Bi Tatu, bila ufunguo haitoki hapo. Utaivunja.” Tukaegemea kwa migongo, mimi na yeye na wale wanawake wa barazani, sita tulikuwa. Halikutikisika.

Saa saba na robo ikapita. Mzee Shomari akaita kutoka kwenye gari lao, sauti yake nyembamba: “Tatu, msigombane na watu. Nitakwenda kesho.”

“Kesho ni zamu ya nani, baba?” Zainabu akamwambia, na hapohapo akaanza kulia.

Nikapiga simu kwa kila mwanamume ninayemjua, zote zimezimwa, watu wako mazikoni. Hapakuwa na mwanamume wa kumtuma, aliyekuwapo mtaani ni mgonjwa mwenyewe. Basi nikajitanda khanga vizuri, nikashika njia ya makaburini. Jirani akaniita, “Tatu, wewe mwanamke, unakwenda wapi?” Sikugeuka. Niliona haya, naogopa, hasira nazo bado zinanichemka, sikujua lipi linanitembeza.

Si mbali, lakini nilifika nimelowa jasho. Nikasimama nje ya ua wa minyaa. Watu wamejaa kimya, nguo nyeupe tupu, migongo imenigeukia. Nikamgusa wa nyuma begani. Akageuka akashtuka: “Mama, huku hapana.”

“Namtafuta mwenye gari lililoziba geti.”

“Subiri wazike.”

“Kuna mgonjwa ndani, hawezi kusubiri.”

“Shii!”

Nikamwendea mwingine. Shii. Wa tatu, shii, na macho makali juu yake. Nikatazama saa kwenye simu, saa saba na dakika thelathini na tano. Nikaona mbele, watu wanne wameshika shuka juu ya kaburi, maana ndio kwanza maiti anapokewa chini. Nikamwomba Mungu anisamehe, nikaita kwa ile sauti yangu ya rivasi: “Mwenye gari jeupe lililoziba geti la Dunda! Kuna mgonjwa ndani, anakosa zamu ya mashine!”

Yarabi, walivyogeuka! Umati mzima unanitazama mimi, mwanamke mnene nahema kwenye minyaa. Nikajua sasa nimejiharibia na mtaa na dini.

Halafu lile shuka likainuka pembeni kidogo. Chini yake ukatoka mkono, umejaa udongo mpaka kwenye kiwiko, na katika mkono ule kuna ufunguo. Sauti ikatoka chini, imekauka: “Mpeni mama. Mwambieni anisamehe, nilimkuta baba keshabebwa.”

Ufunguo ukapita mkono kwa mkono mpaka ukanifikia. Yule wa kwanza aliyenizuia ndiye aliyenieleza, taratibu: “Mtoto wa marehemu huyo. Katoka Lugoba, kafika jeneza liko njiani. Hata uso wa babake hajauona.”

Nilisimama na ufunguo wenye udongo mkononi, na kitu pekee kilichokuwa masikioni mwangu ni maneno yangu mwenyewe. Kuzaa kaweza, kulea kumemshinda. Na lisikie. Mzee Makame, aliyekuwa akinijulia hali kila asubuhi ya Mungu, nimemtukana akiwa mabegani mwa watu, hajavuka hata kona.

Mtu mmoja wa bodaboda akanivuta mkono, akanirudisha kwa pikipiki. Zainabu akachukua ufunguo, akaliingiza gari jeupe ndani, akatoa la kwao. Waliondoka saa nane kasoro kumi. Niliwapungia mkono mpaka wakakata kona, halafu nikakaa kwenye kigoda changu, na sikuelekeza gari hata moja mchana ule. Waliotaka kuingia wakaingia wenyewe, wakaegesha walivyojua.

Niliwaza mpaka kichwa kikauma. Geti lilikuwa limezibwa, hilo ni kweli. Mzee Shomari akikosa zamu huenda akafa, hilo nalo ni kweli. Na yule mtu je? Nilitaka afanyeje? Amwone baba yake anapita mabegani mwa watu, halafu atafute nafasi, anyooshe matairi, aniulize mimi kabari iko wapi? Nikisema hana kosa, namwona Zainabu analia. Nikisema ana kosa, nauona ule mkono. Nilizunguka hapo hapo tu.

Alikuja baada ya alasiri. Mtu wa makamo, kanzu imekuwa ya rangi ya udongo kuanzia magotini. Nilisimama nimpe pole, nimwombe radhi, maneno nilikuwa nimeyapanga. Akaniwahi: “Shikamoo, mama. Nisamehe sana. Nilifanya jambo la hovyo.” Nikaitikia marahaba. Akauliza, “Mgonjwa kafika?”

Nami sikujua. Nikampigia Zainabu palepale, nikaweka sauti ya wazi asikie. Zainabu akasema walifika saa tisa na dakika ishirini, muuguzi amekwishaita jina la mgonjwa mwingine, mama mmoja mtu mzima. Yule mama alipomwona Mzee Shomari anavyohema akasema mpisheni, mimi nitangoja. “Yuko kwenye mashine sasa, Bi Tatu. Anaendelea vizuri.” Nikamwambia mwenye gari ninaye hapa, na kwamba alikuwa anamzika baba yake. Kisha tukamsikia Mzee Shomari mwenyewe, kwa ile sauti yake nyembamba: “Mpe pole. Mwambie namwombea mzazi wake.”

Yule mtu akafunika uso kwa mikono yote miwili. Hapo ndipo ningesema nilivyomtukana baba yake. Nilifungua mdomo kabisa. Badala yake nikasikia nasema, “Ingia garini, mwanangu, nikutoe.” Nikamtoa. Rivasi, rivasi, njoo, kata kidogo, njoo, nyoosha. Alikuwa akinitii kila neno. Alipofika mtaani akashusha kioo, akanishukuru, akaenda zake kwenye matanga ya baba yake.

Nyinyi basi, wanangu, mkikuta geti limezibwa, pigeni kelele. Iteni, gombeni, fuateni mtu mpaka huko aliko, maana ndani huenda kuna mgonjwa na ni amana yenu. Ila baba na mama za watu waacheni walipo. Zaidi ya hapo sina la kuwafundisha. Mzee Shomari bado yupo, bado anakwenda zamu zake, mkimwona mpeni nafasi ya kwanza.

Mimi nimebaki na langu. Nilikwenda kwa shehe kumuuliza maiti anaombwa radhi vipi, akaniambia nimwombee dua sana. Namwombea, kwa Kiarabu nilichokariri. Lakini moyo wangu hautulii, maana mimi nilimtukana kwa Kiswahili, tena kwa sauti, mtaa mzima ukanisikia. Kwa hiyo nikipita njia ya makaburini nasimama nje ya minyaa, nasema kwa sauti ileile, anayetaka kuniona mwehu na anione:

“Mzee Makame, shikamoo. Mwanao ulimfunza.”